Supamaketi ikija mtaani, wanaogombana hawagombanii kitu kimoja

Tuanze na hili manake ndo linalochanganya watu. Bango likishapigwa pale kwa jengo jipya kwamba supamaketi fulani inafungua karibuni, mtaa hugawanyika siku hiyohiyo. Huyu anashangilia ati hatimaye tutanunua vitu kwa bei ya maana, mwenye duka la kona anasema tumeisha, mama mboga amenyamaza anapanga nyanya zake, vijana wanauliza barua za kazi zipelekwe wapi, na mzee mmoja wa nyumba za nyuma anataka kujua malori yatapita wapi na barabara yenyewe mikokoteni miwili haipishani. Wote wanaongea pamoja na kila mmoja anadhani anamjibu mwenzake, kumbe wapi. Mmoja anaongea bei, mwingine deni, mwingine ardhi, mwingine kazi, na ukiuliza kwa hivyo supamaketi ni nzuri ama mbaya hupati jibu la maana.

Hapa naongea zaidi ya Kenya kwa sababu huku tumeona hizi supamaketi zikizaliwa, zikinenepa, zikifa, na zingine zikiingia kwa mlango uleule, lakini wa Tanzania na Uganda pia mtajiona ndani. Na niseme mapema mimi ninavyoona: huu ugomvi ukiufuata kwa njia ya bei unapotea, ukiufuata kwa njia ya deni unauelewa. Nani anamkopesha nani, kwa siku ngapi, na asipolipa nani anaumia. Lakini sawa, kila mtu huanza na bei, basi tuimalize kwanza.

Je, supamaketi ni rahisi kuliko duka? Ukihesabu kwa kilo, mara nyingi ndiyo. Ukihesabu kwa pesa iliyo mfukoni leo, si lazima. Unga wa kilo mbili, mafuta ya lita tatu, sukari ya kilo, sabuni ya mche mzima, hivyo kawaida supamaketi itakuuzia chini ya duka la kona na wakati wa ofa tofauti inaonekana kabisa. Lakini mtu aliyelipwa kibarua jioni, ana mia mbili ya kugawa kati ya chakula cha usiku, nauli ya kesho na tokeni za stima, hiyo lita tatu ya mafuta haimsaidii kitu. Yeye anataka mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, sukari robo, kamfuko ka majani ya chai, nyanya mbili na kitunguu kimoja. Haya ndo mambo ya kadogo, na kadogo ndo inalisha sehemu kubwa ya mitaa yetu, tena si mitaa ya maskini peke yake, hata walio na mshahara wakifika tarehe ishirini wanaingia kadogo taratibu.

Ukipiga hesabu ya gramu utakuta wa kadogo analipa zaidi kuliko mwenye gari anayejaza troli. Hilo ni kweli na linauma, lakini si kwamba mwenye duka ni mwizi. Supamaketi yenye matawi mengi inanunua moja kwa moja kwa kiwanda na inapewa punguzo la wingi. Mwenye duka ananunua kwa wa jumla, wa jumla amenunua kwa ajenti, ajenti kwa kiwanda, kila mmoja ameweka chake juu, afu kuna bodaboda ya kubeba. Ndo maana kukiwa na ofa kali utawaona wenye maduka wenyewe wako kwa foleni ya supamaketi wamebeba vitu vya kwenda kuuza, na supamaketi inaweka kikomo, kila mteja pakiti mbili. Mwaka 2017 unga ulipoadimika na serikali ikaweka ruzuku pakiti ya kilo mbili ikawa shilingi 90, hiyo ya pakiti mbili mbili tuliiona sana.

Kuna kampuni zilijaribu kukata hizo ngazi za katikati. Twiga Foods ilianza 2014 ikipeleka ndizi na viazi kwa vibanda kwa oda ya simu, na Sokowatch, ambayo baadaye ikaitwa Wasoko, ikawa inapelekea maduka sabuni, unga na mafuta hadi mlangoni. Wazo lilikuwa zuri kabisa, tatizo ni kwamba kufikisha katoni mbili za sabuni kwa kichochoro kimoja na katoni moja kwa kichochoro kingine ni gharama, na zote mbili zimepitia vipindi vya kupunguza wafanyakazi, Wasoko ikaishia kuungana na MaxAB ya Misri mwaka 2024. Kwa hivyo bado wenye maduka wengi wako palepale kwa wa jumla.

Halafu kuna mchezo wa chambo, na huu wateja wengi hawaujui. Zile bei unazoona kwa karatasi ya ofa, unga, sukari, maziwa, mkate, mafuta, ni vitu ambavyo kila mtu anajua bei yake kwa kichwa. Hivyo supamaketi inaweza kuviuza karibu bila faida yoyote, wakati mwingine kwa hasara, ili uingie. Ukishaingia unabeba pia biskuti, dawa ya meno, sahani, betri, mafuta ya kupaka, vitu ambavyo huna bei yake kichwani, na hapo ndo pesa inarudi. Duka la kona haliwezi mchezo huo manake linauza hizohizo unga na sukari na karibu hakuna kingine cha kufidia.

Kwa mboga hadithi inageuka. Mama mboga anaamka usiku, anafika soko la Marikiti Nairobi ama kwa wa Mombasa Kongowea kabla jua halijatoka, anachagua mwenyewe, anarudi na mzigo wa siku moja au mbili. Hana friji, hana taa, hana kesia, hana mlinzi. Supamaketi ina hivyo vyote na vyote vinalipiwa na hiyo nyanya. Kwa mboga za kila siku supamaketi kawaida haimwezi kwa bei, na huduma ndo kabisa, nani kule atakukatia sukuma nyembamba unavyopenda, akumenyee minji, akuongezee dania bila kuandika risiti. Ndo maana ukiangalia mitaa mingi ambayo supamaketi imefungua, vibanda vya mboga huwa havipungui, mara nyingine vinajipanga palepale mlangoni kwa sababu ndo watu wanapita.

Sasa deni.

Duka la mtaa, ama kwa Mangi kama wanavyosema Dar, ni mahali pa kununua na pia ni mahali pa kukopa. Kuna daftari nyuma ya kaunta, jina lako, mkate, maziwa, kredo ya simu, na mwisho wa mwezi unakuja mnahesabu. Hakuna fomu, hakuna riba, dhamana yako ni kwamba anajua mlango wenu na mtoto wako anatumwa pale kila asubuhi. Kuna duka limeandika ukutani DENI HAKUNA na chini ya hayo maandishi kuna daftari la kurasa mia. Supamaketi haina daftari. Ukifika kwa kesia na umepungukiwa shilingi kumi unarudisha kitu kimoja kwa rafu, wote nyuma yako wanakuangalia.

Na hapa ndo malalamiko halisi ya wenye maduka, ambayo kwenye mikutano wanashindwa kuyasema vizuri wanaishia kusema tu tutafunga. Kinachowaumiza ni kwamba supamaketi inachukua wateja wao wakiwa na pesa. Mshahara ukiingia mtu anapita mbele ya duka na mifuko ya supamaketi mkono huu na huu, afu tarehe kumi na tano pesa imeisha anarudi kwa duka na lugha tamu, niandikie tu hapo nitakuja. Mwenye duka anabaki kukopesha mwezi mzima bila ile wiki moja ya mauzo ya keshi iliyokuwa inamwezesha kukopesha. Duka huanza kufa hapo, kwenye mzunguko, hata kama idadi ya watu wanaoingia haijabadilika sana. Atajibana, atakataa kuandika, na watakaolia kwanza kwa hilo si wenye magari.

Mtu atasema siku hizi kuna Fuliza. Ni kweli, tangu mwaka 2019 ukipungukiwa kwa M-Pesa unaongezewa hapohapo na malipo yanapita, na watu wengi sasa wanalipa supamaketi kwa Fuliza. Ila Fuliza inakata ada, na pesa yoyote ikiingia inajilipa yenyewe kabla hujapanga. Daftari la duka lilikuwa halikati kitu na mwenyewe angeweza kukuvumilia wiki mbili zaidi ukiwa na mgonjwa. Sisemi daftari ni la kupendeza, kuna watu wamedhalilishwa kwa hilo daftari, kuna mama wanapitia njia ya nyuma wasionekane na mwenye duka. Nasema ni huduma, ina thamani, na kwenye hesabu za bei hakuna anayeiandika.

Geuza upande wa pili uone. Duka linamkopesha mteja, na supamaketi nayo inakopa. Inamkopa anayeiletea mali. Mkate ulioingia asubuhi umeuzwa kufikia jioni, pesa taslimu iko kwa droo, lakini mwenye bekari atalipwa baada ya siku thelathini kama maandishi yanavyosema, na kwa uhalisia inaweza kuwa sitini ama tisini. Hiyo pesa ya watu iliyokaa katikati ni mtaji wa bure. Supamaketi iliyo na busara inaitumia kujaza rafu. Isiyo na busara inafungulia tawi jipya, na tawi jipya linaleta mauzo ya kulipa madeni ya tawi la zamani, na ukiangalia kwa nje unaona kampuni inakua kweli kweli, mpaka siku saplaya mmoja mkubwa anakataa kuleta mali kabla hajalipwa. Rafu zinaanza kuwa na mapengo, wateja wanahamia kwingine, mauzo yanashuka, saplaya wa pili naye anagoma, na kutoka hapo hakuna breki.

Huku kwetu tumeiona hiyo picha zaidi ya mara moja. Supamaketi ya Uchumi ilianzishwa miaka ya 1970 na mashirika ya serikali ili bidhaa za kawaida zifikie wananchi, ikafunga milango yote Juni 2006, ikafufuliwa, na Oktoba 2015 ikaondoka Tanzania na Uganda kwa mpigo ikiacha wafanyakazi na walioiletea mali wakihangaika kudai chao. Nakumatt, ambayo jina lake linatokana na duka la magodoro la Nakuru, ilifika mpaka Tanzania, Uganda na Rwanda, mwaka 2014 ikanunua maduka ya Shoprite huko Tanzania, kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu na Januari 2020 waliokuwa wanaidai wakapiga kura ifungwe moja kwa moja, madeni yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Tuskys nayo, iliyotokea hukohuko Nakuru, ikaanza kuyumba waziwazi mwaka 2020. Na cha kuchekesha, ama cha kuliza, inategemea ulikuwa unadai ama hudai, ni kwamba zote hizi mbili za Nakuru na Naivas pia zilianza kama biashara ndogo za familia, maduka kama haya tunayosema leo yanauliwa.

Mkazi wa Nyali kule Mombasa anajua vizuri: pale City Mall ilikuwa Nakumatt, ikaja Shoprite ya Afrika Kusini, nayo ikatoka, sasa ni Carrefour. Kila zamu ilikuwa na sherehe ya kufungua, baluni na muziki, na kila zamu kulikuwa na vijana walioajiriwa na baadaye wakaambiwa asanteni. Kwa hivyo mtaa unapobishana supamaketi ije ama isije, mimi naona swali la pili limesahaulika, ambalo ni je, ikija itakaa? Kwa sababu ikikaa miaka minne, ikafagia maduka kumi ya kona, afu ikafunga, yale maduka hayarudi siku inayofuata. Mtaji ulishakuwa ada ya shule.

Kuna la nguvu pia, tofauti kidogo na la kuchelewesha malipo. Supamaketi kubwa ikiwa ndo njia kuu ya mtengenezaji mdogo kufikia wateja, inaweza kumwambia lolote na atakubali. Nipe punguzo la mwisho wa mwaka hata kama hatukuandikiana hivyo, nipe mzigo wa kwanza bure kwa kila tawi jipya, leta mfanyakazi wako asimame kwa rafu zangu umlipe wewe, kilichobaki bila kuuzwa chukua mwenyewe. Kenya sheria ya ushindani inakataza mnunuzi kutumia ubabe wa namna hii na imeshatumika. Kampuni ndogo ya maziwa ya mgando, Orchards, ililalamikia Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai inayoendesha Carrefour hapa tangu 2016, Mamlaka ya Ushindani ikatoa uamuzi mwaka 2020 wa kumpa haki saplaya, na baraza la rufaa likaunga mkono mwaka 2021. Desemba 2023 ikaja nyingine kubwa zaidi, Woodlands wanaouza asali na Pwani Oil walikuwa wamelalamika, na faini iliyotangazwa ilipita shilingi bilioni 1.1. Nimeitaja Carrefour kwa sababu kesi zake ziko wazi kwa rekodi, si kwamba wengine ni malaika, wale waliokufa na mabilioni ya watu hawakuwa wageni.

Na hapo unganisha na suala la kazi. Mkutanoni mtaambiwa tawi litaleta ajira mia na kitu. Ulizeni ni ajira za nani. Wale vijana unaowaona wakipanga maziwa na sabuni, wengi mishahara yao inatoka kwa kampuni za maziwa na sabuni, wengine wameletwa na wakala kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na wanaolipwa na supamaketi yenyewe ni wachache kuliko unavyofikiri. Kazi ni kazi, sidharau, lakini ukilinganisha na duka lililofungwa lililokuwa linalisha familia moja na kusomesha, hesabu haitoki kirahisi namna ile inavyosomwa kwa hotuba.

Hii ya wageni na wenyeji niipitie haraka kwa sababu inachukua muda mrefu na haisaidii sana. Watu husema tuzuie za nje tuache zetu. Zetu zipi? Naivas ilianza kama ya familia ya Nakuru, lakini mwaka 2022 kundi linaloongozwa na kampuni ya IBL ya Mauritius lilinunua asilimia 40. Supamaketi ya Quickmart iliungana na Tumaini chini ya wawekezaji wa nje wa Adenia. Pesa za nje ziko ndani ya nyingi. Mwaka 2023 pale Thika Road, Nairobi, duka la Wachina la China Square, ambalo hata si la vyakula, lilipofungua na bei zake za chini, wafanyabiashara wa Nyamakima na Kamukunji katikati ya jiji waliandamana, waziri akaingia kati, duka likafungwa kwa muda afu likafunguliwa tena, na wateja wengi walikuwa upande wa China Square waziwazi, manake ndo mara ya kwanza walijua wa katikati walikuwa wanaongeza kiasi gani. Tanzania nao Julai 2025 walitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na ya kwanza kabisa ni uuzaji wa jumla na rejareja, lakini soma vizuri, supamaketi zimetolewa humo. Mgeni hawezi kufungua duka la Mangi, anaweza kufungua supamaketi. Inamlinda Mangi dhidi ya Mangi mwenzake wa kigeni, dhidi ya yule mkubwa haimgusi.

Tukija kwa ardhi na kelele, hapa ndo wakazi wana nguvu kuliko wanavyojua, ila wanaitumia vibaya. Kwa sheria ya Kenya ya mipango ya ardhi ya 2019 mtu akitaka kugeuza kiwanja cha nyumba kiwe cha biashara ama kujenga jengo la namna hiyo lazima aombe ruhusa kaunti na atangaze ili umma upate nafasi ya kupinga. Lile libango la karatasi lililopigwa kwa uzio, lenye maandishi madogo na namba ya kiwanja, ndo hilo, na muda wa kupeleka pingamizi mara nyingi ni siku 14. Watu wanalipita wakidhani ni tangazo la mnada. Likishapita, wanakuja kushtuka mabati yakishang'olewa na jengo limesimama.

Na ukipeleka pingamizi, usiandike kwamba itaniharibia biashara. Afisa wa mipango kazi yake si kukukinga na mshindani, hiyo barua ataiweka kando na hajakosea. Andika vitu vinavyomhusu: malori ya mizigo yatashukia wapi na saa ngapi, magari ya wateja yataegeshwa wapi, maji taka yanaelekea bomba gani na hilo bomba tayari linafurika kila mvua, jenereta itakaa ukuta wa nani, njia ya watoto wa shule iko upande gani. Hizo ni hoja anazoweza kuzifanyia kazi, anaweza kukubali ujenzi kwa masharti, malori usiku hapana, lango lihamie barabara kubwa, mfereji upanuliwe kwanza. Usiporidhika kuna kamati ya rufaa ya kaunti, unapeleka ndani ya siku 14 za uamuzi, na kwa yale ya mazingira, leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, unaweza kuipinga kwenye baraza la mazingira ndani ya siku 60. Mambo ya bei za hila na kunyanyasa masaplaya yapelekwe kwa Mamlaka ya Ushindani. Kila lalamiko lina ofisi yake na mengi hufa kwa sababu yamepelekwa ofisi isiyo yake.

Kitu kingine cha jengo ambacho wapangaji wadogo hawaambiwi. Supamaketi kwenye jengo huwa ni mpangaji mkuu, yule anayeleta watu, kwa hivyo kodi yake kwa kila futi huwa chini kuliko ya yule wa kinyozi ama wa duka la dawa ghorofa ya juu. Wadogo wanalipa zaidi ili wawe karibu na mkubwa. Mkubwa akiondoka, kama ilivyokuwa Nakumatt ilipotoka kwa majengo, wadogo wanabaki na kodi ileile na jengo halina watu. Na kuna mikataba inayompa mkubwa haki ya kuwa peke yake, hakuna mwingine wa kuuza mkate wala nyama ndani ya jengo hilo. Afrika Kusini Tume yao ya Ushindani ilichunguza hili kwa miaka, ripoti ikatoka 2019 ikasema vipengele hivyo viondolewe kwa sababu vinawafungia nje maduka madogo. Huku kwetu mwenye kibanda cha mkate ndani ya jengo angefaa kuuliza kabla ya kuweka sahihi.

Na vibanda vya barabarani, tusidanganyane, vingi vinavyotoweka supamaketi ikija havijashindwa kwa bei. Vimebomolewa na kanjo, yaani askari wa kaunti, wiki ya kusafisha barabara kabla ya uzinduzi, kwa sababu ghafla pameonekana pachafu. Huo si ushindani wa biashara, hiyo ni tingatinga, na anayepaswa kuulizwa ni kaunti.

Kuhusu afya kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu ulifanyika kwa miji midogo ya kwetu, Ol Kalou na Mwea zilizokuwa na supamaketi na Njabini iliyokuwa haina. Watafiti wa Kenya na wa chuo cha Göttingen, Ujerumani, walichapisha mwaka 2015 kwamba kununua supamaketi kulihusiana na watu wazima kuongezeka uzito, na kwa watoto kukahusiana na kupungua kwa udumavu. Yaani nyumba hiyohiyo, chakula kingi na cha viwandani zaidi, mtoto anarefuka na baba anapata kitambi. Kila upande ukitaka wa kunukuu upo.

Sasa ikishafungua, nani hubaki? Kwa ninavyoona, mama mboga hubaki. Duka la ndani ndani kabisa kwenye vichochoro hubaki, lile la kadogo na daftari, linalofunguliwa saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya maziwa na mkate, linaloweka M-Pesa, linalokuletea gesi hadi ghorofa ya nne. Poshomili hubaki. Anayekwenda ni yule wa katikati, kaminimati kenye rafu tatu kanakouza pakiti zilezile kwa keshi, kodi ya barabarani, mfanyakazi mmoja. Huyo hana bei ya mkubwa na hana deni la mdogo, na ndo huyohuyo utamkuta anaongea kwa sauti zaidi kwenye mkutano, na ana haki.

Kwa hivyo mkiitwa kwenye huo mkutano na meneja amekuja na kofia za kugawa, msimalize saa mbili mkiuliza unga utakuwa shilingi ngapi, hiyo mtaiona kwa karatasi ya ofa. Muulizeni mnawalipa masaplaya baada ya siku ngapi, na mmoja wao asimame aseme kama ni kweli. Mkataba wenu wa jengo ni wa miaka mingapi. Kati ya hao watu mia, wangapi wako kwa orodha ya mishahara yenu wenyewe na wangapi ni wa mtaa huu. Mama anayetengeneza siagi ya njugu hapa nyuma, akitaka nafasi kwa rafu anaongea na nani, na ataombwa nini. Malori yanaingia saa ngapi. Na kaunti ikiwa imetuma mtu, yeye aulizwe vile vibanda vilivyoko mbele ya lango vitakuwa wapi siku ya uzinduzi, na jibu lake liandikwe kwa kumbukumbu za mkutano na jina lake na cheo.